Aliyezikwa Kifudifudi

Satwa, Dubai, Ijumaa, baada ya saa nane mchana

Baraka mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako na mlango umeubamiza, mpaka fundi cherehani wa chini akapaza sauti kuuliza kuna nini. Nimemwambia ni upepo. Miaka tisa tumekaa juu ya duka lake na sijawahi kumdanganya yule mzee. Leo nimemdanganya kwa ajili yako.

Sitakuandikia mambo ya begi. Mama yako mdogo atakupokea Dar na kukupeleka Morogoro, anajua unachokula na unachosusa. Nataka kujibu lile ulilolisema juzi tukiwa mezani. Ulilisema huku unatazama simu, na mimi kwa hasira nikainuka kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Ulisema, "Mama, ungetia saini tu. Khalas. Mtu ameshakufa, saini yako ingemfufua?"

Hasira ile ninayo bado, naandika nayo. Sehemu yake ni kwako, lakini ndogo. Kubwa ni kwa watu wengine, na nyingine ni kwa msichana mmoja aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mwenye mwandiko mzuri, ambaye nitakueleza habari zake.

Kwanza nikubali lililo kweli. Unaondoka kwa sababu yangu. Viza yako ilining'inia kwenye viza yangu, na yangu iko mkononi mwa kafeel, mwajiri aliyenidhamini. Mimi nilipofukuzwa kazi, na wewe ulikwisha. Chuo kilikuwa kimekupokea hapa hapa, ulishachagua hata rafiki wa kukaa naye darasani. Nimekunyang'anya. Ukiniita mbinafsi nitanyamaza. Ila ukisema saini ni wino tu, hapo sinyamazi, kwa maana mimi nimewahi kutia saini ya namna hiyo, na nitakuambia ilizaa nini. Baba yako, Mungu amrehemu, alikufa bila kulijua jambo hili.

Unajua nilisomea uuguzi Budapest, Hungaria, chama kilipokuwa kinatupeleka vijana huko. Picha umeziona, mimi na koti refu kwenye theluji, nacheka. Usichokijua ni kwamba nilikuwa katibu wa tawi la wanafunzi wetu. Nilikipenda kile cheo, Baraka. Niliendesha vikao, niliandika mihtasari, na mkubwa wa chama aliyetusimamia alizoea kusema mbele ya wenzangu, "Ndugu Zawadi haandiki neno la bure." Nilikuwa naumuka kama unga wenye hamira.

Miaka miwili ya mwisho nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane jina lake Ilona. Mumewe alikuwa dereva wa tramu. Ukutani alikuwa na picha ya mumewe, na nyuma ya picha hiyo, kwenye fremu ile ile, alikuwa amefichwa mtu mwingine, mnene, mwenye miwani ya duara na masharubu. Aliniwekea picha hiyo mezani siku nilipougua homa akaninywesha supu, nadhani kwa kuwa alichoka kuificha.

"Huyu alikuwa waziri mkuu wetu," akaniambia. "Waliwaua yeye na mume wangu, wakawazika pembe moja ya makaburi. Hakuna msalaba, hakuna jina. Tukienda na maua polisi wanatufukuza."

Nilimwuliza alifanya nini. Akanisimulia, na nakusimulia wewe kama alivyonisimulia.

Alikuwa mtoto wa watu wa kijijini, akapelekwa vitani, akatekwa na Warusi, na huko huko utekwani akawa mkomunisti. Aliporudi kwao, chama chake kiliposhika nchi, yeye ndiye aliyewagawia wakulima ardhi. Baadaye akawa mkubwa zaidi, akakaa meza moja na watu waliojaza magereza. Ilona hakulificha hilo. "Usimfanye mtakatifu," alisema. "Miaka mingi aliinua mkono wenzake walipoinua." Alipojaribu kulegeza kamba walimvua cheo, wakamtoa na kwenye chama. Kisha watu wakaingia barabarani, wanafunzi kwa wafanyakazi, mume wa Ilona akiwa na sare yake ya tramu, na wote wakawa wanamtaka yeye. Akaletwa dirishani jioni hiyo awatulize. Akaanza kwa lugha aliyoizoea: "Ndugu wa chama!" Umati mzima ukamzomea: "Sisi si ndugu wa chama!"

"Nilikuwepo," Ilona akasema. "Alisimama pale kama mtu aliyesahau jina lake. Akatuambia twende nyumbani tukalale. Tulimchukia usiku ule."

Lakini siku zilizofuata yule mzee alianza kusikiliza. Kila siku alivuka hatua moja ambayo jana yake asingeivuka. Mwisho akatangaza kwamba nchi yake haitakuwa chini ya jeshi la mtu, na vifaru vya wageni vikaingia mjini alfajiri. Akakimbilia ubalozi wa nchi nyingine. Wakamwandikia ahadi kwamba akitoka hataguswa. Akatoka na wenzake na wake zao na watoto, wakapanda basi, na basi likawapeleka moja kwa moja kwa askari. Wakamhukumu kwa siri. Walimpa nafasi ya kuomba huruma. Akakataa. Akanyongwa, akafungwa kwa karatasi ya lami na waya, akazikwa kifudifudi, uso chini, na kwenye daftari la makaburi wakaandika jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nimeosha maiti kwa mikono yangu. Nikamwuliza Ilona kwa nini wamlaze kifudifudi. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefanya. "Kwa sababu walitia saini," akasema. "Aliyetia saini hapendi kutazamwa."

Sasa sikia nilichokifanya mimi, baada ya kuyasikia yote hayo na kulia juu ya supu yake.

Palikuwa na mwenzetu, Leonadi, kijana wa Songea, mwanafunzi wa uhandisi wa maji, mcheshi, mwenye mikono mikubwa. Nilimpeleka mwenyewe kwa Ilona kumtengenezea bomba la jikoni, wakapatana kuliko mimi na Ilona tulivyopatana. Siku ya kumbukumbu ya kunyongwa kwa yule mzee, Ilona alitaka kwenda makaburini na magoti yake yalikuwa yanamsumbua. Aliniomba mimi. Nikasema nina mtihani. Sikuwa na mtihani. Leonadi akampeleka, akambebea maua, na polisi waliokuwa pale wakaandika jina lake.

Wiki iliyofuata mkubwa wa chama akaniita. Alikuwa na chai na biskuti. "Ndugu Zawadi, huyu Leonadi anatuharibia na wenyeji wetu. Sitaki mambo makubwa. Andika tu kama katibu kwamba mwenendo wake si mzuri, kwamba anachangamana na maadui wa nchi iliyotupokea. Mistari mitatu."

"Alimsindikiza bibi kizee," nikasema.

"Najua. Na wewe unajua. Lakini lazima kuwe na karatasi. Usipoandika wewe ataandika mwingine, na huyo mwingine ataanza kuuliza bibi kizee huyo anaishi na nani."

Nikaandika. Mistari minne, kwa kuwa nilitaka sarufi ikae vizuri. Nikatia saini. Sikunyimwa chakula wala kupigwa, Baraka. Nilikula biskuti mbili.

Leonadi alirudishwa nyumbani akiwa amebakiza mwaka mmoja. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, nikamkumbatia, nikamwambia dunia haina haki. Mimi!

Haukupita mwaka, nchi ile ikageuka. Magazeti yale yale yaliyomwita yule mzee msaliti yakaanza kumwita shujaa, na wakubwa wakawa wanasema makosa yalifanyika, kana kwamba makosa ni mvua. Wakamfukua. Wakamweka uwanjani mjini pamoja na wenzake, majeneza matano yenye watu na la sita tupu, la wote waliouawa wasijulikane. Nilisimama na Ilona katika umati ule. Juu ya jukwaa, wakipokezana kusimama pembeni mwa majeneza, walikuwemo wanaume wa chama kile kile kilichomnyonga. Tai nyeusi, nyuso za msiba. Ilona hakuwatazama. Alinyoosha kidole kwenye jeneza tupu akasema, "Lile la mume wangu." Kisha, bila kugeuka, "Leonadi angependa kuona leo. Alirudi kwao, au alirudishwa?"

"Alirudi," nikasema.

Hakuniuliza tena. Siku nilipoondoka Hungaria alinipa mkono kama anavyompa mkono mpangaji.

Nikarudi, nikaolewa, nikakuzaa, nikamzika baba yako, nikakuleta huku. Miaka yote hiyo nilijiambia kwamba Leonadi hajui. Unakumbuka likizo ile nilipokuacha kwa bibi siku nne nikasema nina semina? Nilikwenda Songea. Nilimkuta anafundisha shule ya kata na kutengeneza pampu za visima, nywele zimemtoka. Mkewe akatupikia. Tulipobaki wawili nikaanza, "Leonadi, kuna jambo," akanikatiza.

"Mwandiko wako naujua, Zawadi. Walinionyesha kabla ya kunipandisha ndege."

"Kwa hiyo pale uwanja wa ndege nilipokukumbatia ulikuwa unajua? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Nilikupa nafasi mpaka mlangoni."

Nikaanza kulia. Akasema, bila ukali, "Usilie hapa. Wanangu wataniuliza, na mimi siwezi kuwadanganya." Alinionyesha pampu zake, akaniambia zinavyofanya kazi. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alinisindikiza stendi, akanibebea begi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo ndani, mwanangu, mwezi Julai, siku Wafula alipoingia zahanati yangu ya kambi ya kampuni.

Wewe umemsikia Wafula kama jina la "yule mlinzi". Ngoja nikupe mtu. Alitoka Kitale, Kenya, miaka ishirini na saba, mkubwa wa mwili, mwenye aibu. Walimweka lindoni kwenye geti la nyuma la uwanja wa makontena, Jebel Ali, mahali pasipo na kibanda wala turubai, saa kumi na mbili kwa siku. Alikuja kwangu Jumapili anaona kizunguzungu, mkojo wake rangi ya chai. Nilimwandikia cheti cha kupumzika siku mbili kivulini. Jumatatu akaja tena na sare yake, anatetemeka.

"Mbona uko kazini? Cheti kiko wapi?"

"Msimamizi amekirarua, sista. Amesema kila mtu anaumwa kichwa huku. Nikamwomba maji pale kwa geti, akasema ningoje mtu wa zamu."

Nikaandika yote daftarini, neno kwa neno, na saa niliyoyaandika. Nikampigia msimamizi simu nikamwambia huyu mtu hasimami juani leo wala kesho. Akasema, "Okei sista, okei." Jumanne saa tisa alasiri walimleta wanne wamembeba. Ngozi kavu, inaunguza mkono. Kipimajoto changu kinaishia arobaini na mbili; zebaki ilikuwa imefika mwisho. Nilimmwagia barafu yote ya kambi. Gari la wagonjwa lilipofika nilikuwa bado nambonyeza kifua, na mimi najua kifua kilichokwisha.

Alhamisi meneja akaniita. Alikuwa na daftari langu mezani, na karibu yake daftari jipya, tupu.

"Sista Zawadi, wewe ni mtu wetu wa zamani. Huyu kijana alikuwa na ugonjwa wa moyo akatuficha. Kwa hiyo unanakili wiki hii upya. Jumapili hakuja, Jumatatu hakuja. Halafu saini hapa chini. Yalla, dakika kumi."

"Sir, alikuja siku zote mbili."

"Najua." Baraka, nakuapia, alisema "najua" kwa sauti ile ile ya yule wa biskuti. "Usipoandika wewe ataandika mwingine."

Nikamwambia, "Basi aandike huyo mwingine. Mimi mwandiko wangu nimeshauchafua mara moja."

Hakuelewa, na sikumfafanulia. Sikuwa jasiri. Mikono niliikalia. Niliona sura yako, nikaona chuo chako, nikahesabu siku za viza. Kama angenipa kikombe cha chai na saa moja ya kufikiri, sijui. Ndiyo maana sikungoja. Nilisimama, nikachukua daftari langu la zamani kana kwamba narudi nalo zahanati, nikapita duka la kunakili karatasi, nikatoa nakala ya kurasa mbili, kisha nikamrudishia daftari lake mezani.

Nakala nilimpelekea Simiyu, kaka yake Wafula, anayefanya kazi hotelini Al Mankhool. Tulikutana nyuma ya hoteli, mlango wa jikoni, amevaa aproni. Tangu Jumanne alikuwa akipiga simu ofisini.

"Sista, hawa watu wananizungusha tu," akasema. "Wanasema alikuwa mgonjwa akawaficha. Wafula? Wafula alikuwa anabeba gunia mbili za mahindi. Niambie tu ukweli, hata kama ni mbaya."

Nikampa. Akasoma amesimama. Alipofika penye maji alikunja karatasi, akaifungua, akasoma tena. Kisha akaniuliza, "Na wewe sasa watakufanya nini?"

Mtu aliyefiwa na mdogo wake, na hilo ndilo aliloniuliza. Nikulinganishe naye? Sitaki kukulinganisha. Lakini ile simu yako juzi mezani ningeweza kuitupa dirishani.

Ulitaka kujua nilipata nini. Sikupata kitu. Waliniachisha Jumapili, wakasema nimeiba nyaraka za kampuni. Pasipoti yangu iko kwenye droo ya meneja, na mpaka aitoe mimi sitoki Dubai. Ndiyo maana unatangulia peke yako. Daftari jipya limeshaandikwa na kijana aliyeajiriwa badala yangu, na sina ubavu wa kumlaani, nalijua joto la kiti kile. Mwili wa Wafula umesafirishwa Kitale na karatasi inayosema moyo. Msimamizi bado anavaa miwani yake ya jua. Naambiwa getini wameweka mwingine, naye hana kibanda.

Hili ndilo linaloniunguza, wala si kufukuzwa. Mtu anaombwa maji anasema ngoja. Mtu anararua cheti cha daktari au cha muuguzi kama anararua tikiti ya jana. Halafu mtu msafi, kwenye ofisi yenye baridi, anataka marehemu ndiye awe mwongo. Walimwua, wakataka na kumlaza kifudifudi. Na hawawezi bila sisi, Baraka. Wanahitaji mwandiko mzuri. Wanahitaji binti wa Kiluguru aliyesoma, au kijana aliyesoma sheria, kama utakavyokuwa wewe. Watakuita. Hawatakuwa na sura mbaya. Watakupa chai, watakuambia mistari mitatu tu, na watakuambia ukweli kwamba mwingine yupo wa kuandika.

Sijui utafanya nini siku hiyo, na sikuapishi. Mimi mara ya kwanza niliandika. Yule mzee wa Hungaria aliinua mkono miaka mingi kabla haujamwia mzito. Nakuomba tu usiniambie kuwa ni wino. Ukitia, tia ukijua umemtia nani ndani ya shimo, na jina lake ulikumbuke. Na ukimwona tena uwanja wa ndege, mwambie kabla ya mlango.

Leo asubuhi ulipokuwa bado umelala, simu iliita, namba ya Kenya. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, nyuma yake kuku wanalia. Alikuwa mama yake Wafula. Walizika jana. Simiyu alikuwa amemsomea ile karatasi kwenye simu, naye akaomba irudiwe kanisani mbele ya watu wote, wasije wakasema mtoto wake alikuwa mdanganyifu.

Aliniuliza kitu kimoja. "Wakati anakufa, kulikuwa na mtu amemshika?"

"Nilikuwa mimi, mama," nikasema. "Mikono yangu yote miwili."

Kisha akaniuliza kama nina watoto.

"Mmoja. Wa kiume."

"Yuko wapi?"

"Amelala. Kesho anasafiri."

"Mwambie asafiri salama," akasema. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Hata wangu nilimwambia hivyo."

Safiri salama, Baraka.

Mama yako,
Zawadi